Pamba ya Mizani

Saa nane na dakika kumi na mbili mchana, siku ya Jumanne, umeme ulikatika nyumbani kwa dada yangu, Butiama. Nina uhakika na dakika hizo kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa nimekaa mbele ya mashine yake ya kutotolesha vifaranga, daftari magotini na simu mkononi, nikingoja jambo hilo hasa litokee.

Kwenye kona ya chumba kulikuwa na betri ya gari na inveta, ambavyo nilivifunga mwenyewe mwaka uliotangulia ili umeme ukizimika mashine iendelee. Nilihesabu: moja, mbili, tatu, na inveta ikaanza kuvuma. Dada alikuwa amesimama mlangoni na beseni la mboga.

"Unaona kaka? Inaitika," alisema. "Sasa mayai yanakufa na nini?"

Nilikuwa nikitazama kioo kidogo cha mashine. Badala ya nyuzi joto kilionyesha sifuri nne zinazowaka na kuzima. Taa za joto ndani zilikuwa bado gizani.

"Hizi sifuri umewahi kuziona?"

"Nimezionaga mara nyingi. Nilidhani saa yake imepotea. Nikizikuta nabonyeza hapo pembeni, zinatoka."

"Na usipokuwepo?"

Aliweka beseni chini. Dada yangu ni mkulima. Kuanzia asubuhi mpaka saa kumi hayupo nyumbani. Mashine ilikuwa ikipata umeme wa betri kila mara, lakini katika zile sekunde tatu za kuhama kutoka umeme mmoja kwenda mwingine, kidhibiti chake kilisahau kila kitu na kukaa kikingoja mtu akibonyeze. Mayai yalipoa taratibu, betri ikiwa imejaa, mita moja kutoka pale.

Hivyo ndivyo ilivyoeleweka kwa nini mara ya kwanza mayai mia mbili sitini na manne yalitoa vifaranga sitini na kimoja, na mara ya pili vifaranga tisa. Hii ilikuwa mara ya tatu, na mayai yalikuwa na siku ya nne ndani ya mashine. Dada alikuwa ameshatoa neno: vikitoka chini ya mia moja, mashine inauzwa. Hakuwa akitishia. Mfugaji mmoja wa Nyakato, Musoma, alikuwa amekwisha kuja kuiona, ameikagua chini na juu, na angerudi Jumamosi baada ya siku ya ishirini na moja. Mashine ile alikuwa ameinunua kwa akiba yake mwenyewe, si ya mumewe, na ndicho kitu pekee ndani ya boma ambacho watu walikiita cha kwake.

"Nitakaa hapa nibonyeze," alisema. "Siku kumi na saba si nyingi."

Nilimwambia nitamtafutia sekunde tatu.

Lazima nieleze kazi yangu. Nina kibanda Kabasa, pale Bunda, ambako natengeneza redio, paneli za sola na chaja. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu vitabu vya umeme nilivyovipata vilikuwa vya Kiingereza, na kwa miaka kadhaa sasa nasoma kwenye simu makala za watu wa maabara. Kila neno nisilolijua naliandika kwenye daftari pamoja na tarehe niliyokutana nalo. Mke wangu anasema ninasoma kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele.

Njia za kawaida nilizijaribu kwanza. Betri kavu nne kwenye kidhibiti zilizidi kidogo nguvu ya umeme wa mashine, kwa hiyo zilikuwa zikijimwaga saa zote, zikaisha baada ya siku mbili. Betri tatu zilipungua, kidhibiti hakikuziona. Kilichotakiwa ni kapasita kubwa, yaani chombo kinachojaa mara moja na kutoa mara moja, bila kuchoka. Nilikwenda Musoma mjini nikanunua tatu. Nilipozipima, zilikuwa na sehemu ndogo tu ya kile kilichoandikwa ubavuni. Nyingine zingetoka Dar es Salaam, na muuzaji hakuweza kuniambia zingefika lini.

Nikaamua kutengeneza. Si uamuzi wa ghafla kama unavyosikika. Mpwa wangu, binti wa dada huyuhuyu, anasomea kemia chuo kikuu huko Arusha, na miezi michache nyuma alikuwa amenitumia kwa basi vichupa viwili vilivyobaki kwenye majaribio yake. Kimoja kilikuwa na unga mweusi wa mirija ya kaboni, myembamba kiasi kwamba hakuna hadubini ya shule inayoweza kuionyesha. Kingine kilikuwa na maji ya buluu iliyokolea sana: polima inayopitisha umeme. Plastiki tunazozijua huzuia umeme, ndiyo maana tunavika nayo nyaya. Hii ni ya ukoo mwingine. Nilikuwa nimeviweka kabatini, nimevizungushia kitambaa, nikingoja sababu ya kutosha.

Kwa nini viwili, na si kimoja? Hili lilinichukua muda kulielewa, na nililielewa kwa udongo wa mbuga. Polima inabeba chaji nyingi, lakini kila ikijaa inavimba na kila ikimwaga inanywea. Baada ya kuvimba na kunywea mara nyingi inapasuka, kama mbuga yetu nyeusi inavyofanya: masika inajaa na kunata, kiangazi inafunguka nyufa ambazo mguu wa ndama unaweza kuzama. Kaboni peke yake haipasuki, lakini inabeba kidogo. Ukivichanganya, mirija ya kaboni inakaa ndani ya polima kama fito ndani ya ukuta wa udongo. Inaushika usianguke, na papo hapo inakuwa barabara ya umeme kuingia na kutoka. Kinachobaki ni kitu cha kupaka mchanganyiko huo juu yake, chenye uso mpana na kinachopitisha umeme. Mimi nilichagua pamba iliyochomwa bila hewa mpaka ikawa kaboni tupu. Pamba ya duka la dawa niliwahi kuijaribu. Nyuzi zake ni fupi, ikiungua inavunjika kama biskuti. Ya shambani inabaki kitambaa.

Kwa hiyo Alhamisi, nikiondoka Butiama, nilimwomba shemeji pamba. Ulikuwa msimu wa kuvuna. Shemeji yangu ni mtu mrefu, mcheshi, anayependa kuongea akiwa amesimama.

"Pamba ya nini?"

"Ya kuchoma."

"Watu wanalima pamba wavae, wewe unaichoma. Sawa. Hakuna ninachoweza kukunyima, mimi si ndiye niliyekuoza?"

Huo ni utani wake wa kudumu. Alipomwoa dada yangu alitoa ng'ombe kumi na wawili, na ng'ombe haohao, bila kupumzika hata mwezi mmoja kwenye zizi letu, walikwenda kwa wakwe zangu. Mke wangu alikuja kwa ng'ombe wa shemeji. Ndiyo maana kwake mimi huwa na adabu ya pekee, na yeye huwa na utani wa pekee kwangu. Aliingia stoo akatoka na mfuko wa kilo kama nne, akaufunga mbele yangu. Sikuufungua. Kukagua alichokupa mtu wa aina hiyo, akiwa amesimama anakutazama, ni kitu ambacho kwetu hakifanyiki.

Ijumaa tulikaa uani, mimi na mke wangu, tukitoa mbegu kwa mkono.

"Pamba ya shemeji ina vumbi," alisema, akisugua vidole.

Niliandika kwenye daftari: vumbi, kidogo. Ninalitazama neno hilo leo na kuona aibu. Mtu aliyepima kila kitu, hapo aliandika "kidogo."

Nilizitandaza nyuzi, nikazikandamiza zikawa vipande vya ukubwa wa karata, nikavipanga ndani ya kopo la maziwa ya unga na kuziba kifuniko kwa udongo wa mfinyanzi. Kopo lilikaa ndani ya jiko la mkaa linalopulizwa na feni ya kompyuta kuukuu, saa mbili kamili, likiwa jekundu. Lilipopoa nilitoa karata nyeusi, nyepesi, zinazoweza kukunjwa. Nilizichovya kwenye mchanganyiko wa mirija na maji ya buluu, nikazikausha, nikazipima kwa mizani ndogo ya kidijitali, ile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu, ili kila elektrodi, yaani kila karata iliyochovywa, iwe nusu gramu na isizidi. Vijiti vya kaboni vya kupeleka umeme nje nilivitoa kwenye betri kavu zilizokwisha. Maji ya ndani yalikuwa asidi ya betri ya gari, niliyoizimua. Nilivaa glavu, na mlango wa kibanda ukawa wazi. Jozi sita, moja nyuma ya nyingine, nikazifunga kwa gundi ndani ya kiboksi kidogo.

Jumatatu nilizijaza na kuzimwaga kupitia mzigo unaokula umeme sawa na kidhibiti cha dada. Zilidumu sekunde moja na nusu. Nilirudia mara kumi: sekunde moja na nusu, mara kumi.

Kwa mahesabu yangu zilitakiwa zidumu sita.

Kwa kawaida mtu angelaumu kila kitu kwa mpigo. Mimi nina kanuni moja tu, ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Nilibadilisha muda wa kuchovya. Jumatano nikapata sekunde moja na nukta sita. Wakati huohuo dada alikuwa akinipigia kila jioni. Alikuwa amepima mayai kwa taa siku ya saba na kukuta mia mbili thelathini na moja yana uhai, na tangu Jumanne ile hakuwa amekanyaga shambani.

"Jana umekatika mara nne," aliniambia. "Kanisani sikwenda. Mchungaji amekuja kuniuliza kama naumwa, nikamwambia nalinda mayai. Amecheka mpaka ameketi."

"Na shemeji?"

"Anavuna. Anasema bibi harusi wa mashine hatakiwi kutoka nje."

Alhamisi asubuhi nilimpigia mpwa Arusha. Nilimsomea daftari lote, mstari kwa mstari, naye alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo watu wachache sana huliweza.

"Mjomba, umepima majivu?"

"Majivu ya nini?"

"Ya pamba yenyewe. Ichome wazi, hewani, mpaka iishe. Pamba safi inabakiza kitu kidogo sana. Halafu pima kilichobaki."

Nilipima gramu tano za pamba ileile ambayo haijaguswa, nikaiwasha juu ya kifuniko cha kopo na kuiweka kwenye mkaa mpaka ikawa haina cheusi tena. Nilitarajia vumbi la kijivu la kupuliza kwa pumzi. Kilichobaki hakikupulizika. Nilipotikisa kifuniko kililia, kama kayamba. Mizani ya dhahabu ilisema: gramu moja na nukta mbili.

Nilichukua kidogo kati ya vidole. Ulikuwa mchanga. Mchanga mwembamba, mzuri, uliochekechwa.

Nilimpigia tena mpwa na kumweleza. Akaanza kucheka.

"Mjomba, pamba umepewa na baba? Ametoa kwenye mfuko wa stoo, upande wa kulia?"

"Sikuangalia upande."

"Hiyo ni pamba ya mizani. Ile ya kwenda kupimwa kwa mnunuzi. Unanyunyizia maji, unapiga mchanga, unageuza, unaacha ilale. Nyumbani tunalala kwenye pamba ya kushoto. Jamani mjomba, amekupa mfuko usio wako." Akaendelea kucheka. "Usimseme sana. Mimi ada ya sekondari yote ilikuwa na mchanga ndani yake."

Hapo ndipo hesabu ilipokaa sawa. Nilikuwa nikipima kila elektrodi nusu gramu, na nyuzi zikiungua zinapoteza sehemu kubwa ya uzito wao huku mchanga haupotezi kitu. Kwa hiyo katika kila nusu gramu niliyoiamini, sehemu kubwa ilikuwa mawe madogo yaliyopakwa rangi nyeusi. Nilikuwa nimechovya mchanga wa Butiama kwenye polima ya bei kubwa. Na hesabu ilifunga vizuri mno, kiasi kwamba kwa dakika kadhaa nilifurahi, kabla sijakumbuka kwamba vichupa vilikuwa vimebaki na mchanganyiko wa kutengeneza seti moja tu, na mayai yalikuwa siku ya kumi na tatu.

Nilimwambia mke wangu kesho nakwenda Butiama kuchukua pamba nyingine.

"Bunda nzima imejaa pamba," alisema. "Jirani hapo ana magunia ukutani. Wewe unapanda gari kwenda Butiama?"

"Nikichukua ya jirani, ni mbegu nyingine, shamba jingine, na sijui yeye kaweka nini. Ikikubali sitajua kwa nini imekubali. Nataka ya shamba lilelile, ila bila mchanga."

"Na utamwambia nini mwenye shamba?"

Hilo sikuwa nimeliandika kwenye daftari.

"Mimi niko hapa kwa ng'ombe wake kumi na wawili," alisema. "Ukienda kumwita mwizi wa mizani nyumbani kwake, ujue mimi niko upande wa ng'ombe."

Ijumaa nilifika Butiama kabla ya saa nne. Dada alikuwa kwenye kigoda mbele ya mashine, akipukuchua mahindi. Alikuwa amekonda kidogo usoni. Shemeji alikuwa uani akifunga magunia; gari la kukusanya pamba lilikuwa lije wiki iliyofuata. Tulisalimiana, tukaulizana habari za kila mtu na kila mnyama, na njia nzima kutoka Bunda nilikuwa nimeitunga sentensi yangu.

"Shemeji, ile pamba imekwisha. Naomba nyingine. Ila safari hii naomba ambayo haijaandaliwa."

Aliendelea kukaza kamba. Kisha akasimama wima.

"Iliyoandaliwa ina shida gani?"

"Kwa mizani haina shida hata kidogo. Kwa umeme ndiyo ina shida."

"Umeme unajuaje?"

"Unajua."

Alinitazama kwa muda, mimi nikatazama kamba. Nadhani tungemalizana hapo, kimya kimya na kwa heshima, kama nisingekuwa nimefika na kile kifuniko cha kopo, chenye majivu, kimefungwa kwa nailoni. Nilikibeba kwa sababu ni ushahidi, na ushahidi huwa siutupi. Dada alikuwa ametoka ndani, akakiona mkononi mwangu, akakifungua kabla sijasema. Alimimina kile kilichomo kwenye kiganja chake.

"Huu si mchanga wa mto? Umeutoa wapi?"

Shemeji aligeukia magunia yake. Ninaamini mtu mwingine angehitaji maelezo. Dada yangu amekaa katika boma lile zaidi ya miaka ishirini.

"Ngoja nielewe," alisema, taratibu. "Mimi nimekaa kwenye kigoda siku kumi nabonyeza kitufe. Kanisani siendi, shambani siendi, na sokoni sijafika. Kaka yangu anachoma, anachovya, haikubali. Na kisa ni huu?"

"Nilikosea mfuko," shemeji alisema. "Nilitaka kumpa wa kushoto."

"Mfuko wa mizani hujawahi kuukosea."

"Mama, ni watu wote wanafanyaga."

"Watu wote hawana mashine inayouzwa Jumamosi."

Shemeji aliweka kamba chini. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akacheka, cheko la chini, la mtu aliyeguswa mahali pake. "Huyu shemeji yangu," alisema, akiniangalia, "nimemtolea ng'ombe kumi na wawili, na amenipima kwa gramu." Akachukua kikapu, akaondoka kwenda shambani mwenyewe. Alirudi baada ya saa nzima na pamba iliyookotwa muda uleule, nyeupe, na bado ikiwa na joto la jua. Aliifungua mbele yangu, akaigeuza na kuikung'uta kwenye ungo mpaka nikamwambia inatosha.

"Kagua," alisema.

"Shemeji, haina haja."

"Nimesema kagua."

Nilikagua. Baada ya hapo dada alimkabidhi kigoda. Alimwonyesha kitufe mara mbili, kama anavyoonyeshwa mgeni, akavaa viatu, akaenda sokoni. Nilipokuwa nikiondoka nilimwona shemeji amekaa mbele ya mashine, magoti karibu yafike masikioni, redio kando, akitazama kioo bila kupepesa.

"Ukikatika?" nilimuuliza.

"Nabonyeza. Naona sasa nimepata kazi ya serikali."

Jumamosi nilichoma gramu tano za pamba mpya kwanza, hewani. Kilichobaki nilikipuliza kikaenda. Ndipo nikaziba kopo. Jumapili nilichovya kwa mchanganyiko uliobaki wote, nikakwangua chupa kwa unyoya wa kuku. Jumatatu saa tano nilipima: sekunde saba na nusu. Nilirudia mara ishirini badala ya kumi, nikijaza na kumwaga, nikitafuta dalili za kupasuka kwa mbuga. Ya ishirini ilikuwa sekunde saba na nukta nne. Mke wangu alipita na ndoo akaniona nimekaa tu.

"Imekufa?"

"Hapana. Imekubali."

"Basi mbona hufurahi?"

"Nafurahi," nilimwambia, na ilikuwa kweli. Alinikalisha nile sato aliyekuwa amemkaanga, akaondoka akitikisa kichwa.

Jumanne, siku ya kumi na nane, niliifunga kapasita yangu kwenye mashine. Tangu siku hiyo mashine haifunguliwi. Mayai hayageuzwi tena, na siku tatu za mwisho ndizo ambazo ubaridi unaua zaidi. Tulikaa watatu tukisubiri umeme ukatike. Sijawahi kuona watu wanausubiri kwa hamu namna ile. Bila shaka ulikaa siku nzima. Saa kumi shemeji alisema, "Zamani ukitaka uwepo haupo, leo tunataka usiwepo upo," akanyanyuka kwenda kuzima swichi kuu.

"Acha," nilisema. "Lazima ukatike wenyewe."

"Kwani ukikatwa na mimi unajua tofauti?"

Nilifungua daftari niandike saa. Alizima. Chumba kikawa kimya, feni ya mashine ikaendelea kuzunguka polepole kwa nguvu yake ya mwisho, na kile kioo kikabaki na namba zake, nyuzi thelathini na saba na nukta tano, bila kutikisika. Moja, mbili, tatu. Inveta ikavuma na taa za joto zikawaka. Dada alisogea akainamisha uso karibu na kioo, akakitazama muda mrefu, kisha akachukua kigoda akakitoa nje ya chumba.

Katika siku tatu zilizofuata umeme ulikatika mara saba. Aliziandika ukutani kwa mkaa. Mara tano kati ya hizo hakuwepo nyumbani.

Ijumaa asubuhi dada alinipigia, akaisogeza simu kwenye mashine ili nisikie. Vilikuwa vinalia. Alisubiri nisikilize, kisha akakata, na sikuhitaji maelezo mengine mpaka jioni, alipohesabu mara mbili na shemeji mara moja, na wote wakapata mia mbili na tatu.

Jumamosi yule mfugaji wa Nyakato alifika na gari na vijana wawili wa kubeba. Nilikuwepo. Dada alimkaribisha chai, akamwambia mashine haiuzwi, akamwomba radhi kwa safari. Mfugaji alikuwa mtu mwelewa; aliuliza kama anaweza kuona kilichobadilika, nikamwonyesha kile kiboksi kidogo kilichofungwa ubavuni.

"Ndani kuna nini?"

"Pamba," alisema shemeji kabla yangu. "Safi. Ya shambani kwangu." Na alisema kwa uso mkavu kabisa.

Mfugaji hakutaka kurudi na gari tupu. Alinunua vifaranga mia moja na hamsini, shilingi elfu mbili kila kimoja. Vilivyobaki majirani walivimaliza kwa bei hiyohiyo kabla ya jioni. Magunia ya shemeji yalikuwa yamechekechwa uani wiki hiyo, kabla ya gari la pamba kufika, dada akisimamia, na mchanga uliotoka tuliutumia kusakafia mlango wa banda la kuku. Thamani yake kwenye mizani shemeji amekataa kuitaja, nami sikuiingiza kwenye hesabu. Asidi, gundi na mkaa vilinigharimu shilingi elfu tisa na mia tano. Vichupa vilikuwa zawadi. Dada alinitaka nifunge hesabu ya mzunguko ule, nikaifunga mbele yao wote, mauzo ya vifaranga ukitoa gharama hiyo: shilingi laki tatu na elfu tisini na sita na mia tano.